Rafiki, Stories of Our Lives, I Am Samuel: Uanze na Ipi?

Filamu za Kenya kuhusu wapenzi wa jinsia moja zinazotajwa kila mara ni tatu. Stories of Our Lives ilitoka 2014, Rafiki 2018, I Am Samuel 2020. Zote zilipigwa marufuku na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, ile tunayoiita KFCB, na zote zilishangiliwa ughaibuni kabla Mkenya wa kawaida hajapata nafasi ya kuziona. Kufanana kwao kunaishia hapo. Ukimsikia mtu anazitia zote kapu moja, ujue hajazitazama.

Basi anayeniuliza aanze na ipi namrudishia swali: unataka kuona nini? Kuna anayetaka hadithi ya mapenzi ya kumtoa machozi. Kuna anayeandika skripti na anataka kujua wenzake walifanyaje. Kuna mama ambaye mwanawe amemwambia jambo wiki iliyopita na tangu siku hiyo halali. Hao watatu siwezi kuwapa filamu moja.

Ila swali linaloulizwa zaidi ni ipi iliyo ya kweli. Wengi hupima ukweli kwa kuwatazama wapenzi wawili tu: wanashikanaje, wanabusiana au la, na yule mwigizaji maishani mwake yukoje. Mimi huwatazama watu wa pembeni. Mwenye kibanda, mchungaji, kijana wa boda, askari wa zamu, mama mzazi anayejua na anajifanya hajui. Mwandishi anayeifahamu jamii yake huwapa watu hao maneno yao na sababu zao. Asiyeifahamu huwafanya umati wa kupiga kelele, halafu anamweka nyanya mmoja mwenye busara wa kutuliza mambo. Wapenzi wawili wanaweza kuandikwa na mtu yeyote aliyewahi kupenda. Mtaa unaandikwa na aliyeishi mtaani.

Rafiki: mtaa wenye masikio

Hii ndiyo maarufu kuliko zote, na sababu ziko wazi. Ina dakika 83, ina rangi, ina muziki, na hadithi yake mtu anaifuata bila kuelezwa. Kena na Ziki wanaishi mtaa mmoja jijini Nairobi, unaitwa Slopes. Kena anamsaidia baba yake dukani, anapiga mpira na wavulana, na ndoto yake ni kuwa muuguzi, mpaka Ziki anamuuliza kwa nini asiwe daktari. Ziki amesuka nywele za rangi zinazoonekana kutoka mwisho wa barabara. Shida ni kwamba baba zao wanagombea kiti kimoja kwenye uchaguzi wa mtaani, kwa hiyo hata urafiki wa kawaida kati ya mabinti hao ungezua maneno.

Mwongozaji ni Wanuri Kahiu. Aliitoa filamu hii kwenye hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Waafrika, mwaka 2007. Kahiu kwa miaka amekuwa akitetea kitu anachokiita AfroBubbleGum, yaani sanaa ya Kiafrika yenye raha, ambayo haimlazimu Mwafrika kuwa mgonjwa au mkimbizi ndipo aonyeshwe kwenye skrini. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini kuta za mtaa wa Rafiki zinang'aa hivyo, na kwa nini tunawaona wasichana wawili wakiwa kwenye boti na kucheza usiku wakiwa wamejipaka rangi za kumeremeta gizani. Kuna waliolalamika kwamba Nairobi haiko hivyo. Sikubaliani nao sana. Ukiwa na miaka kumi na tisa na umependa, Nairobi iko hivyohivyo.

Ila mtu aliyenishika mimi ni Mama Atim. Ana kibanda cha chakula, na kila habari ya Slopes inapitia kwake kabla ya kufika nyumbani kwa mwenyewe. Anawahudumia vijana huku akiwachamba. Anajua nani amemwacha nani na mke mdogo wa nani ana mimba. Wala hachukii mtu kwa namna ya pekee; anapenda tu kujua, na mtaa unampa heshima kwa sababu anajua. Kahiu hakumfanya shetani, na hilo ndilo linalotisha, kwa sababu maovu yanapokuja yanatoka kwa mtu uliyekula mandazi yake asubuhi. Sitakuharibia mwisho, ila mtazame Mama Atim anaporudi. Macho yake yanasema zaidi ya hotuba yoyote ya filamu hii.

Kuna na mwingine wa kutazamwa, kijana mmoja mpole ambaye wavulana wa maskani humtania na kumsukumasukuma kila akipita. Hana hadithi yake mwenyewe na maneno yake ni machache sana. Baada ya Kena kupatwa na yaliyompata, anakaa karibu na kijana huyo, na wote wawili wananyamaza. Hakuna anayemfariji mwenzake. Mwandishi mwoga angeweka maneno hapo.

Udhaifu upo. Ziki ameandikwa kwa wepesi kuliko Kena: tunajua anataka kuzunguka dunia, tunajua anacheka vizuri, na zaidi ya hapo si mengi. Samantha Mugatsia, aliyeigiza Kena, alibeba mzigo mkubwa na akauweza. Tamasha la filamu la FESPACO la 2019 huko Ouagadougou lilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Sheila Munyiva, aliyeigiza Ziki, alistahili skripti nzito zaidi. Tena ile habari ya watoto wa familia mbili hasimu tumeiona mara nyingi mno hata tunajua nani atalia lini.

Stories of Our Lives: vipande vitano bila rangi

Hii ilitengenezwa na The Nest, kundi la wasanii wa Nairobi, chini ya uongozaji wa Jim Chuchu. Walianza kwa kuzunguka na kinasa sauti, wakikusanya simulizi za Wakenya wa jamii hii ya wapenzi wa jinsia moja: utoto, shule, mapenzi ya kwanza, kufukuzwa nyumbani. Baada ya hapo wakachukua baadhi na kuzigeuza kuwa filamu fupi tano, wakaziunganisha kuwa kazi moja ya kama saa moja. Simulizi zenyewe zilitoka pia kama kitabu.

Kila kitu ni cheusi na cheupe. Pesa zilikuwa kidogo na kamera ilikuwa ndogo, na inaonekana, ingawa walizitumia kwa akili.

Kipande cha kwanza, kinachoitwa kwa Kiswahili cha mtaani "Itisha Poa", ni cha msichana wa shule mkaidi anayempenda mwenzake, kisha uongozi wa shule unaingilia. "Run" ni habari ya Patrick, anayepita na rafiki yake karibu na baa ya mashoga, wanacheka pamoja, halafu siku nyingine Patrick anarudi peke yake kisirisiri na rafiki huyohuyo anamwona. "Athman" ni ya vibarua wawili wa shambani, Ray na Athman, marafiki wa miaka mingi, na msichana mgeni anayetokea katikati yao. "Duet" inatupeleka Uingereza, chumba cha hoteli, ambako Mkenya aliyekwenda kikazi amemlipa kijana wa Kizungu waje kuonana. Cha mwisho, "Each Night I Dream", ni cha mwanamke anayelala akipanga jinsi atakavyotoroka na mpenzi wake siku wanasiasa watakapowajia.

Kwa kipimo changu cha watu wa pembeni, "Athman" ndicho kipande bora, na labda ndiyo robo saa bora katika filamu zote hizi tatu. Hakuna anayepigwa, hakuna mchungaji wala askari. Kuna mtu anayempenda rafiki yake na rafiki huyo hampendi kwa namna hiyo. Athman si mbaya hata kidogo, na hilo ndilo linalomuumiza Ray, maana angekuwa mbaya Ray angekuwa na sababu ya kumchukia na kuondoka zake. Jambo hili liko katika maisha ya kila mtu wa jamii hii niliyezungumza naye, lakini kwenye filamu huonekana kwa nadra, kwa kuwa watengenezaji wengi wanadhani mateso ya shoga lazima yatoke kwa adui.

"Duet" nayo ina ujasiri wa aina yake. Inauliza kuhusu Mwafrika na mwili wa Mzungu, jambo ambalo hata watu wa jamii hii wenyewe hulikwepa mezani. Wengine watakiona kimepwaya. Mimi nilikipenda kwa ile aibu ya mwanzo, watu wazima wawili wasiojua waweke wapi mikono yao.

Kipande cha mwisho kinaleta mugumo, ule mti mtakatifu wa Wakikuyu, na imani kwamba ukiuzunguka mara saba unabadilika, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Mwanamke wetu analiwaza hilo akiwa kitandani. Wakati wote anaambiwa kwamba mambo yake ni ya kigeni, kumbe nyumbani kwao kulikuwa na hadithi ya mti wa namna hiyo. Filamu hailifafanui zaidi, inaendelea na safari yake.

Hasara ya vipande ni kwamba ukianza kumzoea mtu, anaondoka. "Run" hasa ilihitaji muda zaidi. Yule rafiki wa Patrick anageuka ghafla mno, na kwa kipimo changu hapo ndipo mtu wa pembeni amegeuzwa chombo cha hadithi.

I Am Samuel: baba na mwana

Peter Murimi alimfuata Samuel kwa kamera kwa miaka mitano. Samuel ni kijana wa magharibi mwa Kenya aliyekuja Nairobi kutafuta riziki, anafanya kazi ya mjengo. Nairobi ana mpenzi, ana marafiki wanaomjua alivyo. Nyumbani ana mama, ana shamba, na ana baba ambaye ni mhubiri na anataka kujua lini kijana ataoa.

Toni Kamau ndiye mtayarishaji. Filamu ilizinduliwa 2020 kwenye tamasha la Hot Docs la Kanada, ina zaidi kidogo ya saa moja, na ni filamu ya hali halisi, kwa hiyo hakuna mwigizaji. Hilo lina uzito wake. Mugatsia alipomaliza kuigiza Kena alivua nguo za Kena akaenda zake. Samuel hana cha kuvua. Uso ule ni wake, na shamba lile ni la baba yake. Kila ninapomsikia mtu akilalamika kwamba filamu hii ina uoga, kwamba kamera inakaa mbali na wapenzi wale, namkumbusha kwamba vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vinavyoyafanya mapenzi ya namna hiyo kuwa kosa, bado vilikuwa vinatumika wakati kamera inawashwa, na kwamba mwezi Mei 2019, filamu ikiwa bado mezani, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Cha kwanza kati ya hivyo kinabeba kifungo cha miaka kumi na minne.

Sasa huyo baba. Ndiye mtu wa pembeni aliyenichukua muda mrefu kumwelewa kuliko wote katika filamu hizi. Anahubiri, analima, anamtania mkewe. Anapozungumza na mwanawe kuhusu kuoa hafoki; anaongea kwa sauti ya mtu anayepanga msimu wa kupanda, kwamba mambo yana wakati wake. Kwake mke ni suala la boma na la atakayemzika, na dini inakuja juu ya hayo. Samuel anamjibu kwa kukwepa, kama tunavyowakwepa wazee sote, kwa heshima na nusu ya ukweli. Mpenzi wake anakwenda naye kijijini na anapokewa kama rafiki wa mtoto wa nyumba, anakula na anasaidia kazi. Wewe mtazamaji unajua, na hao wazazi unaanza kushuku kwamba huenda nao wanajua kitu.

Ukweli unapotoka kwa njia nyingine, uhusiano unayumba. Yanayofuata utayaona mwenyewe. Nitasema tu kwamba hakuna hotuba ya msamaha na hakuna laana ya kufunga filamu. Murimi alikuwa na subira ya kungoja mambo yaende kwa mwendo wa kijijini.

Kasoro yake ni kwamba Nairobi imepewa nafasi ndogo. Tunaona jengo, tunaona chumba, tunaona sherehe ndogo ambayo wapenzi hao wanaahidiana mbele ya marafiki wao. Ningependa kujua fundi mwenzake pale mjengo anamwonaje, na kama anajua.

Namna tatu za kuonyesha kipigo

Watu huuliza kama filamu hizi zina matukio ya kuumiza. Zote zinayo, na tofauti zake zinaweza kukusaidia kuchagua.

Rafiki inakuonyesha umati. Majirani wanawakuta wasichana kwenye gari bovu walilolifanya maficho yao, wanawatoa nje, na watu uliowaona wakinunua soda dukani sasa wameshika vitu mikononi. Ni dakika chache tu, ila Kahiu amekwisha kukuzoesha sura zile, kwa hiyo unaitambua kila moja. Kisha kituo cha polisi, ambako askari wanawafanyia kichekesho, wakiuliza kati yao mwanamume ni nani. Kwangu kicheko kile kinauma kuliko kipigo chenyewe.

I Am Samuel inaanza na video ya simu, mtu anapigwa, na picha inayumba. Hakuna muziki. Ukiwa na mtu ambaye aliwahi kupitia jambo hilo, mtahadharishe kabla hujabonyeza, kwa sababu linakuja mapema na halina maandalizi.

Stories of Our Lives ndiyo yenye kipigo kidogo zaidi, na kipo kati ya watu wawili wanaojuana. Anayeogopa kuona damu aanze na hiyo.

Lugha ya mdomoni

Hapa Rafiki inashindwa kidogo. Inachanganya Kiswahili, Sheng na Kiingereza kama Nairobi ilivyo, lakini wasichana wakianza kuambiana maneno ya moyoni wanahamia Kiingereza, na mara nyingine Kiingereza hicho kina harufu ya karatasi. Wapo watu wa Nairobi wanaopendana kwa Kiingereza, ni kweli. Hata hivyo ninahisi jicho la mtazamaji wa tamasha limekaa nyuma ya mwandishi. Wavulana wa maskani na Mama Atim wanasema vizuri zaidi kwa sababu hakuna aliyewatazamia kufurahisha mgeni.

Kwa Samuel kila mtu anasema anavyosema nyumbani, basi. Msomaji wa Dar au Bujumbura atasoma maandishi ya chini mara kwa mara, na hatapotea.

Walivyozisoma wenye kukataza

Kitu kimoja cha kushangaza ni kwamba KFCB ilizielewa filamu hizi kuliko wahakiki wengi. Angalia sababu zake.

Oktoba 2014 ilisema Stories of Our Lives inaendeleza mapenzi ya jinsia moja kinyume na maadili ya taifa. Mtayarishaji George Gachara akakamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila leseni, chini ya sheria ya filamu na michezo ya jukwaani ambayo ilitungwa kabla ya uhuru. Kumbuka kwamba timu hiyo awali ilikusudia kuficha majina yake yote. Waliyataja kwenye tamasha la Toronto, filamu ilipozinduliwa Septemba mwaka huohuo: Chuchu, Gachara na Njoki Ngumi. Miezi michache baadaye filamu ilipata tuzo ya majaji ya Teddy, zile tuzo za filamu za wapenzi wa jinsia moja kwenye tamasha la Berlin.

Aprili 2018 ikawa zamu ya Rafiki. Ilikuwa imechaguliwa kwenda tamasha la Cannes huko Ufaransa, filamu ya kwanza ya Kenya kufika huko, na bodi ikasema ina nia ya wazi ya kuendeleza usagaji. Ezekiel Mutua, aliyekuwa mkuu wa bodi, alionya kwamba atakayekutwa nayo atakuwa amevunja sheria. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho, kwa sababu mwisho ule ulikuwa na matumaini na haukuonyesha majuto. Lisome tena hilo. Kumbe wasichana wangefia huko au wangetubu, tungeitazama pale sinema ya Prestige, Nairobi, bila tatizo. Kwa hiyo kilichokatazwa hasa ni furaha, na Kahiu aliitia hapo makusudi.

Alikwenda mahakamani. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku saba ili filamu itimize sharti la kushindania Oscar, akisema hakushawishika kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha kutikiswa na filamu. Kumbi zilijaa. Kenya hatimaye iliipeleka Supa Modo kwenye Oscar, filamu nzuri sana ambayo haina hatia yoyote katika ugomvi huu. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliamua kesi kuu kwa upande wa bodi.

Septemba 2021 ikawa I Am Samuel, na neno jipya likaingia: kufuru. Bodi ilikerwa hasa na ile sherehe ndogo ambayo wapenzi wanaahidiana kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Nadhani ilikuwa sahihi kuona kwamba kiini cha filamu ni dini. Haikuona tu kwamba mtu wa dini kuliko wote mle ndani, huyo mhubiri, ndiye aliyefanya kazi ngumu kuliko wote.

Wasiokuwapo

Usitafute Pwani humu, hutaipata. Athman ana jina ambalo lingeweza kutoka Lamu, lakini hadithi yake ni ya shambani, na hakuna filamu kati ya hizi iliyoingia kwenye nyumba ya Kiislamu ya Mombasa au Malindi, ambako namna za kujua na kunyamaza ni tofauti kabisa na za kwa mhubiri wa magharibi. Waliobadili jinsia nao hawana hadithi yao hapa, mbali na ndoto ile ya mugumo. Na wazee hawapo: kila anayependa kwenye filamu hizi ni kijana, utadhani watu huacha wakifika arobaini.

Basi uchague

Unataka filamu moja tu, na unataka kuifurahia: Rafiki. Itazame kwenye skrini kubwa iwezekanavyo, maana kwenye simu rangi zake zinakufa.

Unaandika skripti, au unasomea filamu: Stories of Our Lives. Itazame mara mbili, na mara ya pili ruka moja kwa moja hadi "Athman" uhesabu ni mara ngapi Ray anataka kusema kitu akanyamaza. Itakufundisha pia kwamba mtu mwenye kamera ndogo na simulizi za kweli hana haja ya kusubiri mfadhili.

Wewe ni mzazi, shangazi, mwalimu au mchungaji, na kuna mtu unayempenda ambaye humwelewi: I Am Samuel, na si nyingine. Rafiki itakufanya ujitetee, kwa sababu wazazi mle ndani wanahukumiwa, ukimtoa baba yake Kena. Kwa Samuel utamtazama baba. Tahadhari ni ile video ya mwanzo, isikufukuze.

Wewe mwenyewe ni wa jamii hii na uko peke yako mahali fulani, Eldoret au Mwanza au Muscat: hapa ninasita. Wengi wangekutajia Rafiki kwa sababu ya matumaini yake. Mimi ningekwambia Stories of Our Lives, kwa kuwa ndani yake kuna watu watano au sita tofauti, na uwezekano wa kujikuta ni mkubwa zaidi. Rafiki iache kwa wikendi utakayokuwa na mwenzako.

Chama cha filamu cha chuo chenye jioni moja kinaweza kuonyesha "Athman" kwanza kisha I Am Samuel. Zote mbili zina watu wanaopendana na wasiosemezana, mmoja shambani kwa mwajiri na mwingine shambani kwa baba, na mjadala utakaofuata hautahitaji mwongozaji.

Na ukizimaliza zote ukataka kuvuka mpaka, nenda Uganda na Call Me Kuchu ya 2012, inayomfuata mwanaharakati David Kato, aliyeuawa Januari 2011 wakati filamu ikiwa bado inatengenezwa. Waongozaji wake wawili ni wageni na mara nyingine inajulikana, hasa wanapomweleza mtazamaji mambo ambayo mtu wa Kampala hahitaji kuelezwa. Lakini Kato akiwa nyumbani na mama yake mzazi, kamera inatulia, na kwa kipimo changu cha watu wa pembeni mama yule ameipita Nairobi yote.